Dawa ya nguvu tuliyowapa panya maabara ndiyo anayokunywa shemeji yangu

Habari za jioni wakuu. Haya nimeyaona kwa macho yangu, nimebadili majina tu.

Mimi nafanya kazi maabara. Safari hii tulikuwa tunapima kama dawa moja ya nguvu za kiume inayouzwa Tandale inadhuru uzazi.

Panya dume wa kundi moja wanapewa dawa, wa kundi jingine maji matupu. Baadaye tunaangalia mbegu zao kwenye hadubini. Ni nyingi? Zina umbo zuri? Zinaogelea?

(Wajuaji wa humu nawafahamu. Ndiyo, kioo cha hadubini chenye mbegu tulikiweka kwenye joto la mwili. Kikipoa mbegu zote zinalala, utamsingizia bure muuza dawa.)

Sasa panya wa dawa walikuwa moto kweli, majike hawapumui. Lakini mbegu zao jamani! Chache, na nyingi zinatetemeka palepale. Za wale wa maji zilikuwa zinakimbia.

Na chupa ya dawa hiyohiyo iko Madale, juu ya friji ya dada yangu Rehema. Anayeinywa ni mumewe, Salumu.

Rehema hajajaliwa mtoto. Kapimwa, hana tatizo. Mama mkwe wake keshaanza kumtafutia Salumu mke wa pili, na anayasema hayo Rehema akiwa jikoni anasikia.

Salumu naye kila nikimwambia akapime anacheka. "Shemeji, mie niko fiti. Muulize dada yako!"

Hapo ndipo wanaume wengi tunapokosea. Tunadhani ukiwa hodari kitandani basi na mbegu ziko sawa.

Jumapili nikaenda kwao na video ya zile mbegu za panya kwenye simu. Nikamwonyesha bila mahubiri.

Mwanzo alicheka. Akairudia, kicheko kikaisha.

"Hizi ndo za panya wanaokunywa ile yangu?"

"Ndiyo. Ila panya si mtu, shemeji. Zako hatuzijui mpaka upime."

Akanirudishia simu. Nilimhurumia sana wakuu. Mwanaume kuambiwa hivyo nyumbani kwake, tena na shemeji yake, si jambo dogo.

Kisha akampigia mama yake simu palepale sebuleni, Rehema yupo.

"Shikamoo mama. Ile habari ya mke mwingine naomba iishe. Wa kupimwa ni mie, na kesho naenda."

Rehema akakimbilia chumbani, tukamsikia analia. Salumu akamfuata. Mimi nikaaga ukuta, nikaondoka.

Majibu yametoka, ila hayo ni yao wawili, sitayaleta hapa.

Nilichojifunza ni kwamba nguvu na uzazi ni vitu viwili tofauti, na mkapime wote.

Mliowahi kupima, semeni hapa chini ilikuwaje, hata kwa ID mpya. Kuna mwanaume anasoma uzi huu sasa hivi, na mkewe ndiye anayelaumiwa.