Gundi ya Tumbaku

Asubuhi hii, nilipokuwa nagawa karatasi za mtihani wa Kiingereza, harufu ya tumbaku mbichi ilinifikia kutoka dawati la nyuma, nikawa nimerudi uani kwetu Urambo.

Nilikuwa bado mwanafunzi, na kesho yake ningefanya mtihani kama huu, ufahamu na insha. Mvua ilikuwa inakuja, na majani tuliyovuna yalikuwa bado chini. Wote nyumbani walikaa wakiyafunga kwenye fito, yaingie kwenye bani la kukaushia kabla hayajalowa. Mimi peke yangu nilikalishwa kwenye gunia, nisome kwa sauti. Baba hakuinua uso. Radi ilipopiga, niliacha kusoma, nikanyoosha mkono kuchukua jani.

Mama alinichapa vidole kwa ufito.

"Gundi ya majani hayo haitoki kwa sabuni. Karatasi ya mtihani utaishikaje?"

"Mama, mvua."

"Mvua naiona. Soma."

Nikasoma. Matone ya kwanza yakaanguka juu ya majani, na hakuna aliyeniita nisaidie.

Msichana wa dawati la nyuma alikuwa ameficha vidole vyake vyeusi kwa gundi chini ya meza. Nikamwekea karatasi mbele yake.

"Andika tu, mwanangu. Ikichafuka, na ichafuke."