Kamanda Mashimba na Jiji la Kwenye Runinga

Kila nikipita Mwanza hufikia kwa shemeji yangu Mashimba, mlinzi wa kibanda cha gemu pale Mabatini. Kibanda ni cha Kushal, kijana ambaye babu yake aliuza vitambaa mtaa uleule. Wana mapatano yao: asubuhi, mpaka wateja waanze kuja saa nne, mlinzi ana ruhusa ya kucheza.

Safari hii nilimkuta kashika pedi ya kuchezea gemu kwa mikono miwili kama mtu anayeendesha trekta. Kwenye runinga kulikuwa na jiji kubwa, lina madaraja na maghorofa, unakwenda popote utakapo. Humo ndani Mashimba alikuwa mtu wa umeme. Anaruka juu ya mapaa, anadaka magari yanayoanguka, anaponya majeruhi. Ukitenda wema mwanga wako unakuwa wa buluu. Ukiua waliokwisha kusalimu amri unakuwa mwekundu, na nguvu zinakuja upesi zaidi.

"Shikamoo babu," alisema Gladness, binti anayesoma ufundi chuoni, ambaye kibandani hapo hana mpinzani. "Bado buluu tu?"

"Marahaba. Bado."

"Leo Ijumaa, babu. Kesho mashine hii inauzwa na ulikofika kote kunafutika. Lile jitu la mwisho huliwezi na nguvu hizo. Maliza hao mateka wawili tu, upate radi kubwa."

"Wamekosa nini?"

"Si wezi hao!"

"Nani kawaona?"

Gladness alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Babu anataka shahidi! Kwenye gemu!"

Mashimba akawafunga wale wawili kamba za umeme, akawaacha hai, akaendelea na safari yake.

Mimi sikucheka. Nikamsimulia yule binti. Zamani, kijijini kwetu, Mashimba alikuwa kamanda wa sungusungu, jeshi letu wenyewe la kulinda ng'ombe. Siku moja ukapigwa mwano, ule ukelele wa kuita watu wote, na mtu akaletwa kafungwa, anadaiwa kaiba fahali. Watu walikuwa na mawe mkononi tayari. Mashimba akasimama mbele yake, akasema hapigwi mtu hapa kabla shahidi hajasema. Jiwe la kwanza likampata yeye, na alama iko kwenye paji mpaka leo. Jioni fahali akaonekana bondeni, anakula zake majani. Hakuna aliyempongeza. Walimwita mwoga, wakamvua ukamanda, ndipo akaja mjini.

Gladness aliacha kuegemea ukuta. Kisha akavuta stuli, akakaa karibu na Mashimba.

"Usilikabili jitu uso kwa uso, babu. Panda mnara. Livizie!"

Mashimba alikufa mara nne. Mara ya tano jitu lilianguka, nami nikapiga meza. Kumbe bado. Watu wa jiji wakaja wamebeba mawe walimalize lile jitu pale lilipolala, na runinga ikauliza: kaa pembeni, au simama mbele?

Kushal alikuwa ameingia, funguo mkononi. "Mzee, kaa pembeni, inaisha sasa hivi. Ukisimama mbele na ukafa, unarudi mbali sana. Na saa nne hii, wateja hao mlangoni."

Shemeji yangu alijigusa paji la uso. Akabonyeza: simama mbele.

Mawe yakaanza. Mstari wa nguvu zake ukapungua, ukabaki kama ukucha.

"Rusha umeme, mzee!" Kushal alipaza sauti.

"Siwapigi," alisema taratibu. "Ni watu wangu."

Alisimama tu, anapokea. Jiwe likaja, na jingine. Halafu mama mmoja wa kwenye runinga akaangusha jiwe lake chini, na wengine wakafuata. Mwanga wa buluu ukajaa kibanda kizima mpaka ukawafikia wateja mlangoni.

Kule nyuma kuna ukuta ambapo majina ya waliomaliza gemu huandikwa kwa wino mzito. Gladness alipanda juu ya stuli, akaandika juu ya jina lake mwenyewe: KAMANDA MASHIMBA, BULUU TUPU.

"Kamanda," akamwambia, na akapiga goti kidogo, "nifundishe na mimi."

Mashimba alijifanya anatafuta kofia yake.

Mashine ilichukuliwa kesho yake. Ukuta upo. Mimi niliondoka kwa miguu hadi Buzuruga kupanda basi, na njia nzima, kila niliyesimama naye kumsalimia, nilimwambia Kamanda Mashimba ni shemeji yangu.