Baba Mkwe Kwenye Benchi la Mtihani

Mjukuu wangu wa chuo kikuu alikuja likizo na karatasi ya maswali: kwa nini wanafunzi waliosoma wanaanguka mtihani? Alikuwa amekwisha kuandika njaa, usingizi, woga. Nikamwambia, andika na baba mkwe. Akacheka. Acheke tu, hayajamkuta.

Enzi za Mjerumani nilikuwa nimeolewa kijiji cha Ikolo, miezi minne tu, huku nikisoma shule ya misheni. Mtihani ulikuwa mmoja kwa shule zote, za milimani na za huku ziwani, na maswali yalikuja kwenye bahasha iliyofungwa. Atakayeshinda kwetu angepewa darasa la wasichana alifundishe. Nililitaka darasa lile kuliko kitu chochote. Nikipalilia mpunga, hesabu. Nikimenya ndizi, hesabu. Shoga yangu niliyekaa naye benchi moja nilimfundisha mimi saba mara nane. Ilikuwa haimkai kichwani hata umfanyeje.

Sasa, kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Ukisikia anakuja unajifunika nguo, unamwachia njia, hata kama pembeni ni matope matupu. Wamisionari walituhubiria tuache, tukaitikia amina, tukaendelea kukwepana.

Siku yenyewe mvua ilinyesha tangu alfajiri. Niliogopa kusahau tu, sikuwaza jingine. Mkaguzi Mzungu alikuwa ameagiza wazee wa kanisa waje wakae mbele, washuhudie kwamba hapana udanganyifu. Wakacheleweshwa na matope. Wenzangu wawili walikwisha kuitwa ubaoni ndipo mlango ukafunguliwa, na baba mkwe wangu, naye mzee wa kanisa, akaingia, akaketi hatua mbili kutoka ubaoni.

Nilikuwa chini ya benchi kabla sijafikiri, kaniki kichwani, magoti kifuani. Jina langu likaitwa. Likaitwa tena. Shoga yangu akasimama akamweleza mkaguzi kwamba yule mzee ni mkwe wangu, basi niulizwe nje. Mkaguzi akajibu kwa upole kabisa kwamba mtihani ni mmoja kwa wote, na ubao ni huo huo.

Kwenye upenyo wa nguo niliona miguu ya baba mkwe imegeukia ukutani. Maskini, naye aliona haya, ila kuinuka mbele ya Mzungu aliogopa. Majibu yote nilikuwa nayo. Nilikuwa nayasema pale chini, sauti haitoki. Jina likaitwa mara ya tatu, halafu nikasikia kalamu ya mkaguzi ikiandika.

Darasa akapewa shoga yangu. Sikumchukia, lakini niliona wivu, nisiseme uongo.

Kesho yake mama mkwe alikuja na mkungu wa ndizi kichwani. "Baba yako amekuletea hizi," akasema. "Anasema wengine siku hizi wanajisahau, lakini yeye ana mkamwana mwenye adabu."

Nilitamani niutupe ule mkungu mtoni. Nikapiga magoti, nikaupokea kwa mikono miwili, nikashukuru: ndaga fijo.

Wiki iliyofuata nilikuwa shambani na jembe, shoga yangu akapita njiani kwenda kufundisha. Akasimama, akatazama huku na huku, akaniuliza kwa sauti ya chini saba mara nane ni ngapi.

Nikamwambia.