Kabati la Mama na Rangi ya Chaki

Wifi yangu ana kipaji cha kuharibu vitu kwa bidii. Mtu mvivu huharibu kidogo akachoka, yeye hachoki. Kazi yake iko katika shirika moja la misaada, ambako amezoea kuwafundisha wanavijiji kunawa mikono waliyokuwa wakiinawa kabla yeye hajazaliwa. Jumamosi, akikosa wa kumfundisha, huigeukia fenicha.

Asubuhi ile nilipofika kwa kaka yangu, mtaani Nguba, nilisikia kinu kinatwangwa. Nikafurahi, nikajua tutakula sombe, majani ya muhogo. Kumbe zilikuwa chaki. Chaki za shule, maboksi yaliyobaki kwenye semina yake, anazitwanga ndani ya kinu cha sombe, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Alikuwa ameona kwenye simu kwamba unga wa chaki ukichanganywa na rangi ya maji hushika kwenye mbao yoyote, na kabati likipakwa huonekana la zamani.

"Kabati gani?" nikauliza.

"Ile ya Papa, ya mu salon. Libuyu iko noire sana, inaletaka huzuni. Na semaine iyi ba-chef ba ku bureau banakuya kula hapa." Yaani wakubwa wake wa kazini walikuwa wanakuja kula wiki hiyo.

Kabati hilo lilikuwa la mama, la mbao ya libuyu, zito, la rangi ya kahawa iliyokolea. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Chaki ilimkausha viganja hadi vikapasuka, kwa hiyo kila akirudi nyumbani alinawa, akajipaka mafuta, halafu akafungua kabati atoe sahani. Kitasa hakukijali, alivuta ukingo wa mlango kwa kiganja kizima, na miaka ya kiganja hicho iliacha doa laini lenye kung'aa. Tangu mama afariki, baba, anayeishi kwa kaka, hufungua kabati kwa kushika palepale, hata asipokuwa na kitu cha kutoa. Nimemwona. Na sasa doa hilo lilikuwa linakwenda kufunikwa, baba mwenyewe hayupo, yuko shambani Mudaka kwenye maharage yake. Wifi alitaka akirudi akute surprise.

Nikamweleza kwamba hapo ndipo mzee anaposhika, apaache.

"Dada, Maman si alikuwa enseignante? Angefurahi kuona craie ku kabati yake."

Angefurahi! Mwanamke aliyelala viganja vimefungwa vitambaa kwa sababu ya hiyo hiyo chaki. Kaka yangu, mwenye diploma mbili na asiye na uti wa mgongo, alisema rangi ni rangi tu, akatoka kwenda kununua brashi.

Rangi yenyewe ilikuwa uji. Ilifanya madonge, akaichuja kwa chujio la chai. Alipomaliza kupaka aliiita blanc cassé, eti nyeupe iliyofifia kidogo. Mimi niliona maziwa yaliyochacha. Nikadhani yameisha, lakini ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Ilipokauka alichukua msasa akaanza kukwangua pembe, kule juu kabisa na chini miguuni, ambako hakuna mkono wa binadamu uliowahi kufika, ili kabati lionekane limetumika. Limetumika na nani? Kule Cimpunda, mtaa wa wasio na kitu, mtu akipata kopo la rangi hupaka kabati lake bovu lionekane jipya. Sisi wa Nguba tuna kabati zima, tunalipaka lionekane bovu, kisha tunaita wageni.

Jioni baba alirudi, akasimama mlangoni na mfuko wake wa maharage.

"Kabati ya maman yenu iko wapi?"

"Papa, si ni ile!" wifi akacheka, akidhani mzee anatania.

Baba akaenda akashika ukingo. Kiganja kikatoka cheupe, maana rangi hiyo hutaka nta juu yake, na wifi aliona nta si lazima. Mzee alikitazama kiganja muda mrefu, akaenda kunawa, akalala bila kula. Siku ile nilimchukia wifi, nasema wazi, na kaka nilimdharau zaidi.

Wageni hawajafika, rangi ikaanza kubanduka. Si kwingine, ni pale ukingoni tu. Wifi akapaka tena, ikabanduka tena. Alilaumu mvua, akalaumu unyevu wa ziwa lililo jirani, akawalaumu na waliotengeneza chaki.

"Lakini hapa pako nini?"

"Pako mafuta," nikamjibu. "Mafuta ya Maman. Alikuwa anajipakaka sababu ya craie."

Akanitazama kama mtu niliyemsomea misa kwa Kilatini. Nilifurahi vibaya sana.

Wageni wakaja. Mkuu wake wa kazi alipita pembe zote zilizokwanguliwa bila kuziona, akainama kwenye ukingo wa mlango, pale libuyu ilipojitokeza nyeusi na laini. Akasema kabati lote uzuri wake uko hapo. Nani amefanya?

"Ni miye," wifi akajibu, wala hakupepesa macho.

Baba alikuwa kwenye kiti chake tangu mwanzo. Akainuka, akaweka kiganja pale, akafungua kabati.

"Hapana," akasema. "Hapa ni bibi yangu, maman ya hawa, alifanya."

Akatoa sahani za mama, akaanza kuzigawa mezani. Nilikiangalia kiganja chake. Hakikuwa na chaki.