Ndagala Waliotwangwa

Niliolewa Nyamianda, kando ya ziwa, muda mfupi baada ya uhuru. Baba mkwe alikuwa shemasi. Sala yake kabla ya kula ilikuwa ndefu hadi ugali unapoa, ila mkono wake ulikuwa mwepesi: kabla hatujamaliza kuitikia amina, samaki walikuwa wameshahamia upande wake wa sahani ya wanaume. Sisi wanawake tulikula baadaye sombe la majani ya muhogo lililobaki na harufu yao.

Waasi walipoingia mjini, mitumbwi ilikatazwa kutoka usiku, na ndagala, wale dagaa wa ziwani, huvuliwa usiku, kwa taa. Wakaadimika. Wachache tuliowapata walimfuata shemasi. Mimi nikaanza kuhema nikipanda na maji kutoka ziwani, na nikawa nabandua udongo wa ukuta wa jikoni, nautafuna kama karanga.

Mama mkwe akaliona shimo.

"Panya wa nyumba hii anavaa kitenge," akasema. "Iko mimba?"

"Hapana, Mama."

Jibu hilo lilimsikitisha kuliko ukuta.

Akanipeleka dispansari. Muuguzi akanivuta kope, akasema damu yangu ni kidogo. Mama mkwe akabisha: huyu anakula sombe kila siku.

"Sombe iko na madini ya chuma," muuguzi akasema, "lakini ya majani, mwili unayachukua kwa shida. Akila pamoja na samaki ao nyama, atayachukua vizuri zaidi. Na udongo aache, unayazuia."

"Samaki tunapika."

"Anakula nani?"

Mama mkwe akachukua vidonge nilivyopewa, akanishika mkono tukaondoka.

Kesho yake aliwatwanga ndagala wakavu hadi wakawa unga, akaukoroga wote mu chungu cha sombe. Shemasi akasali, akafumbua macho, akachimbua sahani hadi chini.

"Samaki wako wapi?"

"Si uliomba Mungu abariki chakula? Amewagawia watu wote."

Alinung'unika wiki nzima, akatishia kulipeleka shauri kanisani. Mama mkwe akamwambia apeleke, tena aeleze vizuri nani alikuwa anakula nini. Hakwenda.

Nguvu zangu zilirudi polepole, kwa vidonge vya dispansari na kwa unga ule. Vita vilipotufukuza kuelekea milimani, nilibeba godoro kichwani, na mama mkwe, nyuma yangu, akawa ananiomba nipunguze mwendo.