Kona Tatu Kabla ya Kilele

Mwanangu amenunua baiskeli isiyokwenda popote. Ameifunga sebuleni kwetu Stratford, huku ughaibuni, mbele ya skrini, naye huikalia akitokwa jasho huku milima ya Alps ikimpita bila baridi wala mavi ya ng'ombe. Juzi alikuwa anapanda barabara ninayoijua. Niliitambua kwa kona zake. Nikasimama mlangoni na kikombe cha chai, hasira ya miaka ya tisini ikanipanda upya, mbichi kabisa.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, tunakaa Tooting, upande mwingine wa jiji hilihili. Baba, dereva wa basi, alikuwa amekulia milimani Taita. Jirani yetu, Mpunjabi mzaliwa wa Kisumu, alikuwa na duka la mazulia, gari la kuyabebea, na ugonjwa wa baiskeli. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kitamu kuliko changu. Ndiye aliyesema twende Alps likizo ya kiangazi. Nami, kwa ujinga wa umri ule, nikalitangazia darasa zima kwamba nitauvuka mlima juu ya baiskeli bila mguu kugusa chini. Walicheka mpaka mwalimu naye akacheka. Basi kila Jumamosi nikawa napanda kilima cha Crystal Palace, mabasi yakinipigia honi, na nikirudi mama ananikaangia mihogo kana kwamba nakwenda vitani. Sharti lake lilikuwa moja: nisiachane na baba.

Siku yenyewe nilikuwa na miguu ya simba. Tatizo lilikuwa baba, aliyepanda nami kwa baiskeli yake huku jirani akitufuata na gari. Baba alisalimia. Alimsalimia mchunga ng'ombe, akamsalimia bibi aliyeuza jibini kando ya njia, akataka kujua watu wa nyumbani wameamkaje. Mimi, kengele za ng'ombe zikinilia masikioni, nilizunguka barabarani kama inzi nikimsubiri, maana nikisimama ningegusa chini.

"Wewe mzee!" jirani alipiga kelele kutoka garini. "Utasalimia mpaka mawe? Mtoto atazeekea hapa!"

"Azeeke na adabu," baba akajibu.

Kona tatu kabla ya kilele, kibao cha juu nakiona kwa macho yangu, tulimkuta mwanamume amekaa kando ya njia, mnyororo wa baiskeli yake umekatika. Wengine walikuwa wakimpita bila kugeuza shingo. Baba akashuka.

"Baba, tafadhali. Tufike kwanza, halafu turudi."

"Mtu hapitwi njiani. Njoo ushike hii baiskeli."

Nikashuka. Kokoto ile chini ya kiatu changu naisikia hadi leo.

Yule bwana hakujua Kiingereza, kwa hiyo baba akamwongelesha Kiswahili, kwa imani kwamba lugha moja ikigoma nyingine itakubali. Wakahangaika na mnyororo mpaka mvua ya mawe ikatuangukia, jirani akatuamuru sote tuingie garini. Hivyo ndivyo nilivyoivuka Alps: nyuma ya gari lenye harufu ya mazulia, nimepakata gurudumu la mtu nisiyemjua, madirisha yamejaa mvuke, hata kibao sikukiona. Mgeni alikaa mbele, mahali pangu, akinywa chai yetu na kurudia neno pekee alilojifunza: "Asante, asante." Baba alifurahi wiki nzima. Mimi nilirudi shuleni, nikaulizwa habari za mlima nikafungua daftari, na wenzangu wakaelewa.

Baba ametangulia mbele ya haki. Jirani alihamia Southall kwa binti yake, na palipokuwa duka lake sasa panauzwa kahawa kwa bei ya zulia.

Kwenye skrini, kona ileile, mwendesha baiskeli mmoja, picha ya mtu anayeendesha sebuleni kwake, alikuwa amesimama. Mwanangu akampita katikati ya mwili kama anayepita moshi.

"Mbona hukusimama kumsaidia?"

Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yao waliozaliwa hapa, kwamba haiwezekani, na yule pengine mtandao umemkatikia tu. Akafika juu, mashine ikampigia muziki, akaenda kuoga.

Nikaipanda mimi. Nilianzia karibu na kilele, maana kitambi changu kina maoni yake. Safari hii hapakuwa na wa kunichelewesha. Lakini kwenye kona ileile, ya tatu kutoka juu, kulikuwa na mtu amesimama. Nikajiambia si mtu, ni picha. Nikajiambia tena. Miguu ikakataa kukanyaga, nikabaki nimekaa pale, nimemkasirikia marehemu baba, kibao nakiona.

Skrini ikaniuliza kama nimekata tamaa.