Walikiweka Mezani Ili Niombe Radhi

Jumapili moja, saa tisa alasiri, nilirudi kutoka sokoni nikakuta kidude changu cha faragha kimewekwa katikati ya meza ya sebuleni, juu ya kile kitambaa cheupe tunachotandika wakija wageni.

Ndiyo, kidude hicho hicho unachokifikiria.

Pembeni yake wameweka na tyubu yangu ya kilainishi.

Na wamekaa. Mama mkwe kwenye kiti kikubwa. Wifi yangu, dada wa mume wangu, mkono wake wa kulia. Mume wangu kwenye kochi, macho sakafuni.

Mimi nimesimama mlangoni na mfuko wa vitunguu.

"Weka mzigo chini ukae, wifi," akasema wifi. "Leo kuna kikao."

Najua kuna watakaosema nimetunga. Sijatunga. Na kama unasubiri niseme naona aibu, utasubiri sana.

Kwanza mnijue.

Mimi ni fundi wa magari. Nina miaka arobaini na minane, na ishirini kati ya hiyo nimeimaliza chini ya magari ya watu. Kazi yangu hasa ni breki. Gereji nzima wananiita Fundi Breki. Mume wangu ni mwalimu wa jiografia, mpole, mtu wa kuandika kila kitu kwenye daftari, hata namba ya balbu iliyoungua.

Miaka miwili na nusu kabla ya kikao hicho nilifanyiwa upasuaji. Walitoa kizazi na ovari zote mbili. Nikapona, nikarudi kazini, nikaendelea kufungua magurudumu kama kawaida.

Ila mwili ulibadilika. Nilikauka.

Nisemeje tena? Nilikauka, na tendo la ndoa likageuka maumivu. Mara ya kwanza nilijikaza kisabuni. Mara ya pili nikauma mto. Mara ya tatu mume wangu aliona machozi, akageukia ukutani, na tangu hapo hakunigusa.

Hakuuliza. Nami sikusema.

Tukaishi hivyo mwaka na nusu. "Nipe chumvi." "Funga dirisha." "Umeona funguo?" Basi, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Na nilikuwa nampenda. Hilo ndilo lililokuwa linanimaliza.

Siku moja nikaenda kliniki kupima presha tu. Muuguzi wa pale ni mama wa makamo, mwenye miwani mizito na maneno machache. Akafunga kile kitambaa cha presha mkononi mwangu, akaniuliza bila hata kuniangalia:

"Na chumbani mambo yanaendaje tangu upasuaji?"

Jamani. Miaka miwili, hakuna binadamu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nililia pale kwenye kiti mpaka kipimo cha presha kikarudiwa.

Akanipima, akahakikisha ndani kumepona. Kisha akaniambia mwili unaweza kuzoeshwa upya. Kidude chembamba cha silikoni, mwenyewe, taratibu, bila haraka.

"Na kilainishi," akasema. "Kingi. Usikibanie."

Nikaagiza. Kikaja kwenye boksi dogo pamoja na tyubu ndogo na karatasi ya maelekezo. Kidude nikakifungia kwenye boksi langu la spana, karatasi nikaitupa. Fundi wa miaka ishirini asome karatasi?

Wiki za kwanza zilikwenda vizuri. Tyubu ikaisha. Hapo ndipo ujuaji wangu uliponiponza.

Sikilizeni. Kwenye breki kuna vijiraba vidogo. Ukivipaka grisi ya kawaida, ile ya mafuta, vinavimba na kuharibika, na gari la watu linakosa breki. Kwa hiyo sisi mafundi tuna grisi yetu ya silikoni. Inateleza, haikauki, na haili raba.

Nikawaza: hiki kidude nacho kinavutika mfano wa raba. Grisi ya silikoni haili raba. Sasa nihangaike na maduka ya nini, na kopo liko kwenye rafu yangu ya gereji?

Cheka tu. Hata mimi sasa hivi nacheka.

Kesho yake sikuweza kukaa. Nilikuwa nawashwa, naungua, nimevimba. Natembea miguu panda, na mafundi wenzangu wananionea huruma.

"Fundi Breki, vipi, nyonga?"

"Nyonga," nikajibu.

Na kidude chenyewe kilikuwa kimeanza kunata. Kila vumbi la boksi limekishika.

Nikarudi kwa muuguzi nimenyong'onyea. Akauliza nilipaka nini.

"Grisi ya breki, sista."

"Breki za nini?"

"Za gari."

Akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa tena, akanitazama, halafu akacheka mpaka akashika kabati. Alipomaliza kucheka alinitibu, akanikataza kugusa chochote mpaka nipone kabisa, kisha akakaa chini akanifundisha kila nilichopaswa kukisoma kwenye ile karatasi.

Nikatupa kilichoharibika, nikanunua kingine, na kilainishi cha maji. Nikaanza upya. Mwezi wa tatu ikafika siku ambayo hakukuwa na maumivu yoyote. Yoyote! Nilikaa kitandani nikijicheka peke yangu, nikapanga kwamba wiki hiyo hiyo nitamweleza mume wangu.

Kabla sijamweleza, ndipo nikakuta kikao.

Wifi ndiye aliyefungua. Alikuwa amejiandaa, hata sauti aliibadilisha.

"Mama, mimi naona haya hata kusema. Mke wa kaka yangu, mtu mzima, ana mume ndani ya nyumba, halafu anatumia mpira! Kaka yangu anadhalilishwa kwenye nyumba yake mwenyewe. Sisi kama familia tunataka aombe radhi hapa mbele yako, na hili lidude lichomwe moto. Akikataa, arudi kwao akaishi nalo."

Kwa hiyo mambo yakawa wazi. Niombe radhi, au niiache nyumba niliyoijenga na mume wangu tofali kwa tofali.

Nikamwangalia mume wangu. Bado anaangalia sakafu.

"Wifi," nikasema, "umekitoa wapi?"

"Nilikuwa nafanya usafi."

"Usafi gani unafika ndani ya boksi la spana lenye kufuli? Kufuli ile ina funguo mbili. Mmoja ninao hapa shingoni. Wa pili nani anao?"

Macho ya wifi yalimponza, yalikwenda moja kwa moja kwenye kochi.

"Ni mimi," mume wangu akasema. "Nilikuwa natafuta bisibisi."

"Ukakiona, ukampelekea dada yako?"

"Nilidhani hunitaki tena. Nilishindwa kukuuliza."

Niliumia. Sitawadanganya, niliumia kuliko siku nilipozinduka baada ya kisu cha daktari. Mtu niliyelala naye kitanda kimoja miaka ishirini na miwili ameshindwa kuniuliza, ila ameweza kunipeleka mahakamani na mahakama yenyewe ni dada yake.

Halafu hasira ikaja, na nashukuru ilikuja.

Nikavuta kiti, nikakaa. Nikakichukua kidude changu juu ya kile kitambaa, nikakishika wazi mkononi.

"Mama," nikamwambia mama mkwe, "unisamehe kwa jambo moja tu, kwamba nitasema ya chumbani mbele yako. Lakini si mimi niliyeyaleta mezani. Kwa hiki hapa, siombi radhi. Si leo, si kesho."

"Umemsikia, mama?" wifi akaruka.

"Sijamaliza. Mwalimu, toa daftari."

Mume wangu akainua uso. "Nini?"

"Toa daftari uandike. Ulitaka kujua, sasa leo utajua."

Na kweli akalitoa kwenye mfuko wa shati, na kalamu.

"Nilitolewa kizazi, na ovari, na unyevu wangu ukaondoka navyo. Andika. Ulipokuwa unanigusa nilikuwa naungua, na nikanyamaza ili usijisikie vibaya. Hilo ndilo kosa langu, kunyamaza. Hiki nilielekezwa na muuguzi ili niweze kurudi kwako. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Hiki ni silikoni. Kidude cha silikoni hakipakwi kilainishi cha silikoni, kinaharibika, kinanata, uchafu unajificha humo. Mimi nilipaka grisi ya breki, nikakaa siku nne natembea miguu panda. Unakumbuka nilikwambia nyonga? Haikuwa nyonga."

Nikasikia kitu kama kikohozi upande wa mama mkwe. Nikaendelea.

"Kinapakwa kilainishi cha maji, kama hiki. Si mafuta ya kupikia, si mafuta ya mgando, si losheni ya manukato. Ndani si kiwiko cha mkono, kunaungua, na ukiwa na kondomu mafuta yanaipasua. Kilainishi kipya unakijaribu kwanza kidogo kwenye ngozi ya mkono, kikikuwasha hapo unakiacha. Cha maji kinakauka upesi, basi unaongeza, unaongeza tena, hakuna medali ya kubania. Kabla na baada kidude kinaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na marashi, kinakaushwa vizuri, kinawekwa mahali pake peke yake. Hakiazimwi. Na kikiuma, unaacha. Andika hiyo kwa herufi kubwa. Kikiuma, unaacha."

"Mama, mwambie anyamaze!" Wifi alikuwa amesimama sasa. "Mama, huoni anatuvunjia heshima?"

Sasa niwaeleze kidogo kuhusu mama mkwe wangu. Ana miaka sabini na moja. Akikohoa, wanawe wanasimama. Aliwalea peke yake baada ya baba yao kuondoka, wifi akiwa bado hajaanza shule, na hadithi ya familia tunayoijua wote ni kwamba mzee alipata mwanamke mwingine kwa sababu mama alikuwa mkali na mwenye roho ya baridi. Mbele yake haisemwi. Nyuma yake kila mtu anaisema, hata mimi niliwahi kuisema.

Nilijua hukumu yake ndiyo hukumu.

Akanyoosha mkono. Nikadhani anataka kidude akitupe nje, nikakikaza.

Akachukua tyubu.

Akaisogeza mbali na macho, akaisoma polepole, akaigeuza na kusoma upande wa pili.

"Hii," akauliza, "enzi zetu ilikuwepo?"

Akatikisa kichwa mwenyewe, akaendelea.

"Nilipomzaa huyu," akamwonyesha wifi kwa kidole, "nilichanika. Nikashonwa vibaya. Baada ya hapo kila baba yenu akinisogelea, nasikia wembe. Nikawa namkwepa. Akasema nina mwanaume nje. Wakaniitia kikao, mama yake na dada zake, nikakalishwa kwenye mkeka katikati yao. Wakaniambia niombe radhi."

Akaiweka tyubu mezani taratibu.

"Nikaomba. Nilipiga magoti nikaomba radhi kwa kosa ambalo sikulijua. Na bado aliondoka."

Wifi alikaa.

"Mama, hukuwahi kutuambia," akasema kwa sauti ndogo.

"Mngenisikia? Wewe leo umemsikia huyu?"

Kisha akanigeukia mimi. Miaka yote ya ndoa yangu mwanamke yule hakuwahi kuniita mwanangu.

"Mwanangu, usiombe radhi. Wakikutaka tena uombe, waambie mimi nimekataza."

Akamgeukia mume wangu. "Na wewe, soma ulichoandika."

Mume wangu akaanza kusoma kwa sauti ya darasani. Kizazi. Unyevu. Nilinyamaza ili usijisikie vibaya. Kilainishi cha maji. Alipofika kwenye ile ya herufi kubwa alisoma "kikiuma" tu, akashindwa kuendelea. Daftari likamwangukia magotini, akafunika uso kwa mikono yote miwili na kulia mbele ya mama yake.

Msidhani nilimkimbilia kumbembeleza. Sikumbembeleza. Nilichukua vitu vyangu mezani, nikavirudisha kwenye boksi, nikafunga, na ufunguo wa pili nikamnyang'anya.

Ilinichukua wiki tatu kumsamehe. Sharti langu lilikuwa moja, twende wote kliniki na maswali aulize mwenyewe, kwa mdomo wake. Akaenda. Aliuliza maswali kumi na moja, muuguzi akahesabu. Leo tunaongea, na mengine ni yetu wawili, msiniulize.

Wifi alichukua muda zaidi. Aliniomba msamaha kwa simu, akiwa mbali, na nikaupokea hivyo hivyo.

Lakini kilichonifanya niandike haya ni mama mkwe. Alikuja gereji mwezi uliopita, asubuhi kweupe, amevaa vizuri, akapita katikati ya mafundi wote mpaka kwenye gari nililokuwa chini yake. Akainama.

"Fundi, ile tyubu yako ya maji unanunua wapi?"

Nikatoka chini ya gari uso umejaa vumbi. Nadhani nilimtazama vibaya, maana alinyoosha mgongo na kunijibu swali ambalo sikuthubutu kuliuliza.

"Mume sina," akasema. "Mwili ninao."

Wanawake wenzangu, na ninyi wanaume mnaosoma kwa kujificha: kukauka si uzinzi, si uchawi, na si dharau kwa mtu yeyote. Soma karatasi ya maelekezo. Uliza muuguzi. Muulize mwenzako kabla hujamuuliza dada yako. Na wakikukalisha katikati yao upige magoti kwa ajili ya mwili wako mwenyewe, vuta kiti ukae.